Somo: Kuokota Takataka na Kujifunza Afya



Watu wengi wakiona kopo limetupwa kando ya njia hudhani kwamba ubaya wake ni kuchukiza macho tu. Kwa hiyo siku ya kusafisha kijiji ikifika, huokota upesi ili njia ipendeze, kisha hurudi nyumbani bila kujua neno jipya. Na baada ya majuma machache makopo yamejaa tena palepale. Kazi hiyo ni njema, lakini ni nusu. Nusu ya pili ni kufundishana, maana asiyejua kopo lina nini ndani yake atalitupa tena kesho.

Tazameni jambo hili. Mvua ikinyesha, kopo, kifuu cha nazi na tairi bovu hushika maji. Mbu aitwaye Aedes aegypti hutaga mayai pembeni mwa chombo, juu kidogo ya maji. Maji yakikauka, mayai hayafi upesi. Yaweza kungoja miezi mingi, na mvua ikirudi huanguliwa. Tangu yai hata mbu mwenye mabawa ni kama siku 7 hadi 10. Mbu huyu huuma mchana, kwa hiyo chandarua cha usiku hakitoshi kumzuia. Ndiye aenezaye homa ya dengi, iliyowasumbua sana watu wa Dar es Salaam mwaka 2014 na tena mwaka 2019.

Wala mtu wa shamba asiseme, "Hayo ni mambo ya mjini." Ugonjwa wa chikungunya, uenezwao na mbu huyohuyo, ulitambuliwa mara ya kwanza katika vijiji vya uwanda wa Makonde, kusini mwa Tanganyika, mwaka 1952. Jina lake ni la Kimakonde, nalo lamtaja mtu aliyejikunja kwa maumivu ya viungo. Huko maji yalikuwa haba. Watu wakayaweka akiba nyumbani, na mbu wakazaliana vyomboni. Siku hizi tumewaongezea mbu vyombo vingine, navyo ni vile tuvitupavyo.

Basi, tukienda kuokota, yatupasa kufanya hivi:

1. Mtu asiokote kwa mikono mitupu, wala asiende bila viatu. Chupa iliyovunjika na bati hukata, na kidonda kichafu chaweza kuleta pepopunda. Sindano isiguswe kwa vidole; iokotwe kwa koleo, itiwe katika chombo kigumu chenye kifuniko, ipelekwe zahanati.

2. Kopo lenye maji lisimwagwe kwanza. Watoto kwa wazee waitwe watazame viluwiluwi vikipanda na kushuka. Aliyeviona kwa macho yake hahitaji hotuba ndefu. Kisha maji yamwagwe penye ardhi kavu.

3. Mifuko ya plastiki isiachwe malishoni. Ng'ombe akiimeza haimeng'enywi. Hukusanyika tumboni, naye hukonda hata kufa. Tanzania ilikataza mifuko ya kubebea ya plastiki tangu tarehe 1 Juni 2019, lakini iliyotupwa zamani haiozi upesi.

4. Plastiki isichomwe moto, kwa kuwa moshi wake una sumu. Itengwe, ipelekwe kwa wanunuzi wake au mahali palipoamriwa.

5. Kazi ikiisha, wote wanawe mikono kwa sabuni kabla ya kula.

Labda mtu atasema, "Takataka hizi si zangu." Kweli, lakini mbu hamwulizi mtu kopo ni la nani, humwuma mtoto aliye karibu.

Tena kumbukeni zile siku 7. Anayesafisha mara moja kwa mwezi huwapa mbu nafasi ya kuzaliwa na kuruka. Kwa hiyo kila nyumba izunguke ua wake mara moja kila juma, imwage maji yaliyotuama, na kusugua kuta za mitungi ili mayai yatoke. Kazi hiyo haichukui hata nusu saa.

Maswali ya kuzungumza:
Kwa nini kopo kavu nalo laweza kuwa na hatari?
Ni vyombo gani vinavyoshika maji nyumbani kwako leo?