Mishipa ya Jicho na Ubongo wa Wazee Wetu

Mwanafunzi mmoja aliniuliza, "Ustadh, mbona bibi alipelekwa kupimwa macho akarudi na dawa za presha?" Siku ile kipindi kilikuwa kimekwisha, nikamjibu kwa mkato. Jibu kamili ni hili.

Tuanze na jaribio. Toboa karatasi ngumu kwa ncha ya sindano. Funga jicho moja, jingine lisogeze karibu kabisa na tundu, utazame mawingu meupe (jua usilitazame hata kidogo!) huku ukiizungusha karatasi haraka haraka kwa mduara mdogo. Ukivumilia utaona vivuli vyembamba kama mizizi, na katikati patupu. Hivyo ni vivuli vya mishipa ya damu ya jicho lako mwenyewe.

Mishipa hiyo imo katika retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Mtoto anapoumbwa tumboni, retina huchomoza kutoka katika ubongo wenyewe. Damu yake nayo hutoka katika mshipa ule ule wa shingoni unaolisha sehemu kubwa ya ubongo. Basi hawa ni ndugu wa tumbo moja, ila mmoja amefungiwa ndani ya fuvu na mwingine ana dirisha. Mjerumani Hermann von Helmholtz ndiye aliyewaonyesha madaktari, mwaka 1851, kifaa cha kuchungulia dirisha hilo.

Huonekana nini humo? Presha ikiwa juu miaka mingi, ateri ndogo husinyaa na kuta zake huwa nene. Zinapopishana na vena huzikandamiza. Ikizidi sana mishipa huvuja, yakaonekana madoa ya damu. Kisukari nacho huvimbisha vishipa vyembamba mfano wa vipira vidogo. Mwaka 1939 madaktari watatu wa Marekani, Keith, Wagener na Barker, waliwagawa wagonjwa wa presha makundi manne kwa kutazama macho yao. Baada ya miaka mitatu, kundi la kwanza walikuwa hai 70 katika kila 100. Kundi la nne, 6 tu! Zama hizo dawa za maana za presha hazikuwapo.

Na ubongo je? Huko huko Marekani watu zaidi ya 10,000 wa makamo na wazee walipigwa picha za retina, kisha wakafuatiliwa. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2001 yalionyesha kuwa wenye mishipa iliyoharibika walipatwa na kiharusi zaidi ya wenzao, hata ilipozingatiwa presha yao, sukari na sigara. Sababu yake si ngumu kuielewa. Yanayotokea jichoni hutokea na ubongoni: vishipa huziba, sehemu ndogo ndogo zikafa kimya kimya. Mzee haanguki. Ila anasahau, anatembea kwa kuburura miguu, anashindwa kuhesabu chenji dukani. Watu wakasema ni uzee tu, au amechezewa, na wajukuu wengine (mnajijua) wakamcheka.

Msielewe vibaya. Picha ya jicho haimwambii mtu kwamba atapoteza kumbukumbu, na kusahau kuna sababu nyingine nyingi zisizohusu mishipa hii. Lakini presha inatibika. Utafiti wa Marekani uliotolewa mwaka 2019, wa watu wa miaka 50 na kuendelea, ulikuta kuwa walioshushwa presha ya juu hadi chini ya 120 walipata udhaifu wa kumbukumbu kwa uchache kuliko walioshushwa chini ya 140 tu. Kiwango cha kila mzee hupangwa na daktari wake. Msiende nyumbani mkaanza kugawa vidonge.

Yule bibi alikuwa akiona vizuri na hakuumwa popote. Presha ndivyo ilivyo. Aliyeigundua ni mpima macho.

Kazi ya nyumbani: muulize kila mzee wa nyumbani kwenu ni lini alipimwa presha na sukari mara ya mwisho. Andika majibu, hata kama ni "sijawahi", uje nayo darasani.