Anza na soda, ugali usubiri

Shangazi, mimi ni baba wa watoto watatu, nina miaka 46, nauza vifaa vya ujenzi karibu na stendi ya Msamvu, Morogoro. Naenda dukani kwa bodaboda, nakaa hadi jioni, na kwa joto la huku nakunywa soda mbili kwa siku. Mwezi wa tatu nilipimwa presha, ikasoma 148/94. Wiki iliyofuata nikarudi, haikushuka. Nina kilo 94. Sukari iko juu kidogo, ila sijafikia kisukari. Daktari akasema nibadilishe mtindo wa maisha, basi. Jumatatu yake nikaacha ugali, wali, sukari, soda, nyama na mafuta. Nikaanza kukimbia alfajiri. Nikamwambia mke wangu anipikie sufuria yangu peke yangu, ya kuchemsha. Wiki ya pili goti likavimba, na nyumbani maneno yakaanza. Jumamosi tukaenda harusini, nikala pilau sahani mbili, na tangu hapo nimerudia yote. Rafiki yangu anauza dawa ya unga ya kupunguza mwili, anasema inashusha na presha. Ninunue? Au mimi ni mtu dhaifu tu?
Baba wa Watatu, Morogoro

Mwanangu, mtu dhaifu haamki alfajiri kwenda kukimbia na kilo 94. Wewe ulijitwisha mambo manane kwa siku moja, tena ukayabeba peke yako ndani ya nyumba inayokula sufuria moja. Na huyo daktari naye, kumwambia mgonjwa abadilishe maisha bila kumwonyesha aanzie wapi ni kumrudisha nyumbani na nusu ya tiba.

Mwaka 2010 ulichapishwa utafiti wa University College London, ulioongozwa na Phillippa Lally, kuhusu muda ambao tabia mpya huchukua mpaka mtu aifanye bila kujilazimisha. Washiriki walikuwa 96, na kila mmoja alichagua jambo moja tu: kula tunda mchana, kunywa maji, mazoezi kidogo kabla ya chakula cha jioni. Kwa wastani ilichukua siku 66. Wapo waliozoea kwa siku 18, na wapo waliokadiriwa kuhitaji siku 254. Wewe ulijipa wiki mbili, kwa mambo manane.

Kwa hiyo chagua moja. Nakuchagulia soda, kwa sababu ile iko mikononi mwako na haigombanishi mtu nyumbani. Chupa moja ya kola ya mililita 350 ina sukari zaidi ya gramu 30. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu tunayopata kwenye chakula, ambayo kwa watu wazima wengi ni kama gramu 50 kwa siku. Soda zako mbili zimeshapita hapo kabla hujagusa chai. Usiziache zote leo. Ile ya kwanza, ambayo bila shaka kuna kijana unamtuma saa nne akuletee, mwambie saa ileile akuletee maji baridi. Saa ni ileile, kijana ni yuleyule, kilichobadilika ni chupa. Ya mchana endelea nayo kwanza. Ukiona saa nne imepita na hukuikumbuka soda, hapo ndipo uiguse ya pili.

Kukimbia, acha kabisa mpaka goti lipone, na hata likipona sioni sababu ya kukimbia. Kinachoshauriwa kwa mtu mzima ni angalau dakika 150 kwa wiki za mazoezi ya wastani, na kutembea kwa haraka kunahesabiwa. Maji yakishazoeleka, mwambie dereva wa bodaboda akushushe mbali kidogo na duka, mahali pa kutembea dakika kumi na tano. Jioni tembea kiasi hichohicho kabla ya kupanda. Kwa siku tano dakika zako zimetimia.

Sasa nyumbani, na hapa ndipo ninapotaka unisikilize zaidi. Ulipomwambia mama watoto akupikie sufuria ya pili, alichosikia ni kwamba chakula chake ndicho kilichokuletea maradhi. Amekupikia miaka yote hiyo, kisha unakuja na karatasi ya daktari na kukisusa mbele ya watoto! Mwombe radhi, bila kuanza kumweleza habari za mafuta na kalori. Halafu mketi, umwonyeshe hizo namba za presha, umuulize yeye mnaweza kupunguza wapi. Anaijua ile sufuria kuliko mimi na wewe.

Akikuuliza aanzie wapi, mwambie chumvi. Mtu mzima anatakiwa kula chini ya gramu 5 kwa siku nzima, yaani kijiko cha chai kimoja kisichojaa, ukijumlisha mchuzi, mkate, kachumbari na chipsi. Vile vidonge vya kiungo cha mchuzi vina chumvi tayari, kwa hiyo akitia kidonge, chumvi ya kijiko ipungue au isiwepo. Apunguze kidogo kidogo. Baada ya wiki kadhaa ulimi unazoea, hasa kukiwa na kitunguu saumu, ndimu na tangawizi ya kutosha. Na kopo la chumvi liondoke mezani. Watoto nao watafaidika, na hakuna atakayejiona amewekwa kwenye chakula cha mgonjwa.

Ugali kula. Ila mboga iwe nusu ya sahani, wala huna kisingizio, mboga za Mgeta zinashuka hapo mjini kila siku.

Pilau ya harusi haikuharibu kitu. Katika utafiti ule, kukosa siku moja hakukuvuruga mazoea yaliyokuwa yakijengeka. Kilichokuangusha ni kusema “basi tena” Jumapili asubuhi. Wala usiwinde kilo thelathini. Katika utafiti mkubwa wa Marekani uliotoka 2002, watu waliokuwa karibu kupata kisukari walilenga kupunguza asilimia 7 tu ya uzito pamoja na zile dakika 150 za mazoezi, na uwezekano wa kupata ugonjwa huo ukapungua kwa asilimia 58. Kwako asilimia 7 ni kilo sita na nusu.

Ule unga usinunue. Baadhi ya dawa za kupunguza mwili zimekutwa na sibutramine iliyofichwa ndani bila kuandikwa, dawa inayoweza kupandisha presha na iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa hatari zake kwa moyo na mishipa. Fedha hiyo nunulia mashine ya kupimia presha, ile inayofungwa juu ya kiwiko. Kaa dakika tano kimya, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono mezani usawa wa moyo, ndipo upime. Pima asubuhi na jioni kwa wiki nzima, uandike kwenye daftari, na ulipeleke kwa daktari mwezi huu, usisubiri kupungua kwanza. Akikuandikia vidonge, meza, na usiviache kwa sababu namba zimeshuka. Zitakuwa zimeshuka kwa sababu unavimeza.