SOMO LA WAFANYAKAZI: MAJINA YANAYOFANANA, NANI MWENYEWE?



Somo letu linahusu majina ya tovuti yanayofanana, na ugomvi unaotokana nayo. Wengine watasema: hayo ni mambo ya matajiri na mawakili, yanamhusu nini mchumaji chai wa Pfunda? Yanamhusu sana. Tusome pole pole.

1. Alama ya biashara ni nini?

Mtu anayenunua Primus mjini Gisenyi haanzi kuuliza imepikwa na nani. Hutazama jina na picha kwenye chupa, basi. Hiyo ndiyo alama ya biashara: humwambia mnunuzi bidhaa imetoka wapi. Lakini jina halijipatii sifa lenyewe. Sifa imejengwa na aliyechuma, aliyekausha, aliyefunga na aliyebeba. Mwingine akibandika jina linalofanana juu ya bidhaa mbovu, anakula jasho ambalo hakulitoa. Soko likiharibika, kiwanda hupunguza kazi, na wa kwanza kurudishwa nyumbani ni kibarua.

Hapa Rwanda alama huandikishwa RDB. Hulindwa miaka 10, kisha huweza kuandikishwa upya.

2. Kwa nini tovuti huleta ugomvi?

Alama mbili zinazofanana huweza kuishi pamoja, kama moja ni ya sabuni na nyingine ya matairi. Anwani ya tovuti haigawanyiki: ni moja tu duniani. Mara nyingi anayewahi ndiye anayeipata, bila kuulizwa kama jina ni lake kweli.

3. Mifano miwili

Huko Marekani, Bwana Uzi Nissan aliandikisha anwani ya nissan.com mwaka 1994, kwa biashara yake ya kompyuta. Nissan ni jina la ukoo wake. Mwaka 1999 kampuni ya magari ya Nissan ilimshtaki. Kesi ilichukua miaka na fedha nyingi. Mahakama iliona kosa katika kutangaza mambo ya magari kwenye tovuti hiyo, lakini haikumnyang'anya anwani. Tuone basi: swali si jina tu, ni pia namna linavyotumiwa.

Mfano wa pili ni wa bara letu. Mwaka 2012 mashirika mawili yaliomba kusimamia anwani zote zitakazoishia na .africa: DotConnectAfrica, na ZACR ya Afrika Kusini iliyoungwa mkono na Umoja wa Afrika. ICANN, shirika linalosimamia mpango wa majina ya intaneti, lilisimamisha ombi la DotConnectAfrica mwaka 2013. Mwaka 2015 jopo la waamuzi likasema ICANN ilikiuka kanuni zake. Hata hivyo, mwaka 2017 kazi ilipewa ZACR, na mwaka 2019 mahakama ya California ikaipa ICANN ushindi. Kanuni zilitaka mwombaji aungwe mkono na angalau asilimia 60 ya serikali za Afrika. Jina la wengi linahitaji ridhaa ya wengi.

4. Maswali matatu ya waamuzi

Tangu mwaka 1999 kuna utaratibu wa kuamua ugomvi wa anwani kama zile zinazoishia na .com bila kwenda mahakamani. Mlalamikaji lazima athibitishe mambo yote matatu:

(a) Anwani inafanana na alama yake kiasi cha kupoteza watu.
(b) Aliyeiandikisha hana haki wala sababu halali ya kuitumia.
(c) Aliiandikisha na anaitumia kwa nia mbaya.

Akishinda, anwani hufutwa au hukabidhiwa kwake. Fidia ya fedha haipo katika utaratibu huu.

5. Sisi tufanye nini?

Kwanza, tujifunze kusoma anwani. Anwani za serikali yetu huishia na .gov.rw, kama irembo.gov.rw. Matapeli hupenda kubadili herufi moja, kuweka kistari mahali pa nukta, au kuongeza .com mwishoni. Ukiona tangazo la kazi linalodai fedha kabla ya kuajiriwa, usilipe. Uliza ofisi ya kiwanda chenyewe, au mwakilishi wako wa chama.

Pili, ushirika unaouza chai au kahawa uandikishe alama na anwani mapema, kabla jina halijapata sifa. Anwani zinazoishia na .rw husimamiwa na RICTA.

Tatu, na hili ndilo kubwa: anwani iandikishwe kwa jina la ushirika au la chama, si kwa jina la karani au la kijana aliyetengeneza tovuti. Neno la siri lijulikane na viongozi wawili au watatu, na ada ya mwaka iandikwe kwenye bajeti. Ada isipolipwa, mwingine huweza kulichukua jina. Mtu mmoja akiondoka na ufunguo, wote tunabaki nje ya nyumba tuliyoijenga.

Maswali ya kujadili mkutanoni

1. Anwani ya ushirika wetu imeandikishwa kwa jina la nani?
2. Ada yake inakwisha tarehe gani, na nani hulipa?
3. Nani kati yetu amewahi kudanganywa na tangazo la uongo? Atueleze, wenzake wajihadhari.

Katibu wa mkutano aandike majibu kwenye daftari. Swali likikosa jibu, lipewe mtu na siku ya kulileta.

Umoja wetu ndio nguvu yetu.

Mhamasishaji wa chama, Cyanzarwe