Maji Maangavu Yanayoua Samaki

Tangi la kioo limesuguliwa likang'aa, kokoto zimeoshwa, samaki wa mapambo wametiwa wakiwa wazima. Wanakula vizuri siku chache, kisha mmoja anaelea, kesho yake mwingine. Mwenye tangi anamwaga maji yote, anasugua upya, ananunua wengine. Nao wanakufa. Sasa lawama zote zinamwangukia muuzaji.

Kabla ya kumlaumu mtu, tujiulize samaki anatoa taka gani. Akila protini, mwili wake hubaki na nitrojeni ya ziada ambayo lazima itoke. Binadamu huigeuza kuwa urea, akaikojoa. Samaki hana haja ya kujisumbua hivyo: huitoa kama amonia, sehemu kubwa ikipitia kwenye matamvua na kuingia majini moja kwa moja. Ziwani haidhuru kitu, kwa kuwa maji ni mengi mno. Ndani ya lita 40 haina pa kwenda, na chakula kilichozidi kikioza chini huiongeza. Amonia haina rangi, kwa hiyo weupe wa maji hauthibitishi chochote.

Wanaoiondoa ni bakteria. Kundi la kwanza, wakiwemo Nitrosomonas, huibadilisha amonia kuwa nitriti. Hiyo nayo ni sumu: huingia damuni na kuinyima himoglobini uwezo wa kubeba oksijeni, hata samaki akahema kwa kasi katika maji yenye hewa tele. Kundi la pili, hasa Nitrospira, huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huistahimili vizuri zaidi, nasi tunaipunguza kwa kubadilisha sehemu ya maji mara kwa mara.

Bakteria hawa hawaelei ovyo. Hujishikiza kwenye kokoto na kwenye sifongo la filta, na huzaliana polepole. Tangi jipya kwa kawaida huchukua wiki 4 hadi 6 kabla hawajatosha. Kila usuguaji mkubwa, basi, unawafagia na kuirudisha hesabu mwanzo. Sifongo likisuuzwa chini ya bomba mambo huwa mabaya zaidi, kwa sababu klorini iliwekwa kwenye maji ya bomba mahsusi kuua vijidudu, na hujeruhi matamvua pia. Lisuuzwe kwenye ndoo ya maji yaliyotolewa tangini.

Kuna mtego mwingine unaowanasa hata wazoefu. Amonia majini huwa katika hali mbili, na yenye sumu kali ni ile isiyo na chaji. Kwenye nyuzi joto 25 na pH 7, haifiki hata asilimia 1 ya amonia yote. Kwenye pH 9 inapita theluthi. Sasa fikiria samaki wa Ziwa Tanganyika, ambalo pH yake inakaribia 9. Mfugaji anayewatengenezea maji kama ya kwao anafanya vyema, ila kiasi cha amonia ambacho tangi la jirani lingekivumilia kinaweza kuwamaliza wake.

Saa ya kifo nayo inasema mengi. Wakifa saa chache baada ya kubadilishiwa maji, shuku klorini au tofauti ya joto. Wakikutwa alfajiri midomo iko juu ya maji, katika tangi lenye mimea mingi lisilo na pampu ya hewa, shuku oksijeni: usiku mimea nayo huitumia. Wakipukutika ndani ya wiki za mwanzo, pima amonia na nitriti kabla ya kununua dawa yoyote. Mara nyingi dawa ni hela iliyotupwa.

Kwa anayeanza upya, njia ya haraka ni kuomba kipande cha sifongo kutoka filta ya tangi la zamani lenye samaki wazima, na kukipandikiza kingali kibichi. Asiyekipata awashe filta bila samaki, atie chembe za chakula zioze, apime kila baada ya siku kadhaa. Amonia itapanda ishuke, nitriti itafuata njia hiyohiyo. Zote mbili zikisoma sifuri huku nitrati ikionekana, anunue samaki wawili au watatu, si kumi.