Daftari la Kompyuta na Hesabu ya Jaruba

Kata ya Mwamkulu, katika Manispaa ya Mpanda, ni nchi ya mpunga, na mpunga hauna budi kupewa maji kwa kipimo. Basi na tuchukue jaruba moja la mfano, lenye urefu wa mita 40 na upana wa mita 25, tunalotaka kulijaza maji hadi kina cha sentimita 5. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza aweza kuikokotoa hesabu hii kwa kalamu: mita za ujazo 50, yaani lita 50,000. Makala hii yakusudia kuonyesha jinsi hesabu iyo hiyo inavyoandikwa katika daftari la kompyuta, na jinsi daftari hilo linavyoweza kumdanganya mwenye kulitumia.

Daftari la kompyuta ni ukurasa uliogawanywa visanduku. Vingine huwa na maelezo ya kawaida, vingine amri za lugha ya programu, na jibu hutokea papo hapo kando ya kisanduku chake. Ukurasa huonekana katika kivinjari, lakini inayofanya hesabu ni programu nyingine, iitwayo kiini, ambayo huhifadhi thamani za vigeu katika kumbukumbu. Kiini hicho chaweza kuwa ndani ya kompyuta iyo hiyo iliyo mezani. Intaneti huhitajika wakati wa kupakua programu zenyewe.

Daftari lililoenea zaidi ni Jupyter, mradi uliochipuka mwaka 2014 kutokana na IPython, aliyoianza Fernando Pérez mwaka 2001. Jina lake lakumbusha lugha tatu: Julia, Python na R. Sisi tutatumia Julia, iliyotolewa hadharani mwaka 2012. Watumiaji wake ni wachache wakilinganishwa na wa Python, hivyo mwalimu atakayekwama huenda asipate jirani wa kumwuliza. Tena amri ya kwanza hukawia, maana Julia huitafsiri kwanza kuwa lugha ya mashine. Mwanafunzi asiyeambiwa hayo atadhani kompyuta imekufa.

Tuandike visanduku vitatu:

eneo = 40 * 25
kina = 0.05
maji = eneo * kina

Tukiviendesha kwa kufuatana, jibu ni 50.0. Sasa mwanafunzi abadili kina kiwe 0.10, akiendeshe kisanduku hicho peke yake. Katika Jupyter, kisanduku cha tatu bado kitaonyesha 50.0, ingawa jibu la haki ni 100.0. Ukurasa wasema jambo moja, kumbukumbu ya kiini yasema jingine. Mwenye kunakili jibu hilo atalipa jaruba nusu ya maji yanayotakiwa. Hatari kubwa zaidi ni kufuta kisanduku: maandishi hutoweka, lakini kigeu hubaki kumbukumbuni, na daftari huendelea kufanya kazi vizuri mpaka kiini kitakapozimwa. Kesho yake, mbele ya darasa, hukataa.

Dawa ya Jupyter ni kuanzisha kiini upya na kuviendesha visanduku vyote tangu juu hadi chini kabla ya kuliamini jibu lolote. Dawa ya pili ni Pluto, daftari la Julia lililotolewa mwaka 2020 na Fons van der Plas na wenzake. Pluto huchunguza kisanduku kipi kinategemea kipi. Ukibadili kina, maji hukokotolewa upya bila kuagizwa. Ukikifuta kisanduku cha kina, kile cha maji hutoa kosa mara moja. Hali kadhalika hairuhusu jina moja litolewe thamani katika visanduku viwili. Wanafunzi hulalamikia sana sharti hili. Mimi naliona kuwa la heri, kwa kuwa hata ubaoni hatukubali x iwe 3 na 7 katika hesabu moja.

Zoezi. Tuseme maji ya jaruba hupungua kwa milimita 8 kila siku. Ongeza kisanduku kitakachotoa idadi ya siku hadi likauke, kwa kina cha 0.05. Kisha kifute kisanduku cha kina, katika Jupyter na katika Pluto, baada ya kuandika kwa kalamu unachotarajia kukiona katika kila moja.