Kwenda Deltani na Binti Zako
Kijitabu cha afya kwa kaya za Kibiti na wageni wao

Shule zikifungwa mwezi Juni, mwenye ndugu deltani hushuka Nyamisati kutafuta chombo cha kwenda Mbwera, Salale au Kiongoroni. Mara nyingi wavulana ndio huchukuliwa kwenda dago, kupiga kasia na kutafuta kaa, mabinti wakabaki jikoni na bibi. Wachukueni na mabinti. Msitu wa mikoko wa delta ya Rufiji una takriban hekta 53,000, na hakuna mkubwa kuushinda Afrika Mashariki. Binti anayejua kutofautisha mkoko, mchu na mkomafi, na kusoma maji yanapojaa na kupwa, ana elimu asiyoweza kuipata darasani. Kijitabu hiki kinataka aende, afurahi, arudi mzima.

Kwenye chombo

Kila binti avae jaketi okozi linalomkaa, hata anayejua kuogelea, hata kama ni kuvuka mto tu. Jaketi la mtu mzima humchomoka mtoto akiwa majini. Juni hadi Agosti kusi huvuma kwa nguvu, hivyo nahodha akisema leo hatutoki, msimbembeleze. Muulizeni pia saa za maji. Wakati wa bamvua maji hupwa sana, vijito vikabaki tope, na chombo kinaweza kukwama juani kwa saa kadhaa. Kwa sababu hiyo bebeni maji ya kunywa mengi kuliko mnayodhani yatatosha, yawe yamechemshwa au kutiwa dawa. Mikono isining'inie nje ya mtumbwi, na mtoto asiende kuchota maji ukingoni magharibi ikiingia. Mamba wapo.

Hedhi safarini

Jambo hili huachwa kwa sababu ya haya, na binti asiyeona namna ya kujisitiri huamua kutokwenda kabisa. Baba unayesafiri na binti bila mama yake, mwombe shangazi yake au somo wake aongee naye mapema, na wewe mwenyewe mwambie kwamba akihitaji faragha chombo kitasimama. Pakieni sodo za kutosha, sabuni na mfuko usiopitisha maji. Abadilishe kila baada ya saa 4 hadi 6. Vitambaa vya kufua vianikwe juani vikauke kabisa, maana vikifichwa vikiwa na unyevu huota ukungu na kuleta mwasho. Sodo zilizotumika zirudi nanyi, zisitupwe mikokoni.

Kichocho

Hapa tunaomba msome polepole. Vijidudu vya kichocho hutoka kwa konokono wadogo wa maji baridi, nao hupenya ngozi ya mtu aliyesimama majini kwa dakika chache tu. Konokono hao hawastahimili maji ya chumvi, kwa hiyo kwenye mikoko minene karibu na bahari hatari ni ndogo. Hatari ipo mnakopitia na mnakolala: majaruba ya mpunga, mabwawa na maziwa ya bonde la mto, mifereji yenye magugu na mayungiyungi. Vijidudu hutoka kwa wingi jua likiwa kali, kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, saa zile zile watoto wanazotamani kuogelea. Maji ya kuoga yanayotoka sehemu hizo yachemshwe, au yakae kwenye ndoo safi siku mbili nzima.

Kwa binti, mayai ya minyoo hayaishii kwenye kibofu. Hukwama pia ukeni na kwenye shingo ya kizazi, yakaleta vidonda, uchafu, mwasho, maumivu chini ya kitovu na damu. Bila tiba, ugonjwa unaweza kuleta ugumba, na vidonda vyake hurahisisha maambukizi ya VVU. Dalili hizo hufanana na za magonjwa ya ngono. Mtoto wa miaka 13 anaweza kushukiwa, akagombezwa, akanyamaza, na ugonjwa ukaendelea kumla. Kabla hujamshuku, muulize alicheza maji wapi, kisha mpeleke zahanati. Nanyi masomo mnaowafunda wali, ongezeni neno hili: damu inayoonekana kila anapokojoa, hata nje ya siku zake, si hedhi.

Tiba ni vidonge vya prazikwanteli, na mhudumu ndiye anayepima idadi yake kwa uzito au urefu wa mtoto.

Usiku kwenye dungu

Dungu lina upepo mzuri, lakini mbu hupanda vilevile. Chandarua chenye dawa kifungwe kwenye boriti za dungu na kuchomekwa chini ya mkeka kabla ya giza kuingia. Kinga hii mnaijua. Rufiji, wakati huo ikiwa bado na Kibiti ndani yake, ilikuwa katika mradi wa afya ulioitwa TEHIP mwishoni mwa miaka ya 1990, halmashauri ilipoanza kuelekeza fedha kwenye magonjwa yanayoua zaidi, malaria ikiwemo. Vifo vya watoto vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40 ndani ya miaka michache.

Matopeni

Chaza walioshika kwenye mizizi hukata mguu kama wembe, kwa hiyo mabinti wavae viatu vya kufunga. Jeraha lisafishwe kwa maji safi na sabuni, na mhudumu aulizwe kuhusu chanjo ya pepopunda. Aliyechomwa na taa atumbukize mguu kwenye maji ya moto anayoweza kuyavumilia, kwa nusu saa au zaidi, kisha aende zahanati. Aliyeumwa na nyoka asichanjwe, asifungwe kamba. Atulizwe, abebwe, afikishwe hospitali haraka.

Mkirudi

Homa ikianza wiki moja baada ya safari, au hata miezi 2 baadaye, mtoto apimwe malaria siku hiyo hiyo, na mhudumu aambiwe kwamba mlikuwa deltani. Kwa kichocho, aliyeingia maji baridi apimwe mkojo baada ya miezi 2 hadi 3, kwa sababu dawa haiui vizuri minyoo ambayo bado ni michanga. Mkojo uchukuliwe kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, ndipo mayai huonekana zaidi. Kwa ushauri, pigeni 199, namba ya Wizara ya Afya isiyo na malipo.