Mji Mpya Uanze na Kazi, Nyumba Zifuate

Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 Dar es Salaam, na kila alfajiri umati mkubwa huelekea Kariakoo, Posta na bandarini. Ukipanga mji mpya Kigamboni, Kibaha au Kisarawe, jiulize kwanza wakazi wake watafanya kazi wapi. Daraja la Nyerere la kwenda Kigamboni, lenye mita 680, lilifunguliwa 2016, na kwa mkazi wa Kigamboni ambaye kazi yake imebaki ng'ambo, kuvuka bado ni gharama ya kila siku. Kwa hiyo viwanda vidogo, soko la jumla na ofisi za serikali vitengewe ardhi kabla kiwanja cha kwanza cha makazi hakijauzwa.

Fidia nayo itangulie tangazo. Mpango wa mji mpya wa Kigamboni ulipotangazwa 2008, wenye maeneo walizuiwa kuyaendeleza, wakakaa miaka bila kujua kama wajenge au wahame. Huo ni uonevu, hata kama ramani ni nzuri kiasi gani. Sheria ya Ardhi ya 1999 inataka fidia kamili, ya haki na ya haraka. Kama fedha haipo mkononi, usizuie watu kujenga.

Kisha nenda kwenye eneo lenyewe na mpimaji wakati wa masika. Fuata maji yanakopita, uyaachie mkondo wake na kingo zake. Jangwani, kwenye bonde la Msimbazi, tumeona mara nyingi mno yanachofanya maji yaliyozibiwa njia.

Mchoro wa mtaa ndio unaotaka uangalifu zaidi. Viwanja vinavyotazama njia ya daladala viandikwe "makazi na biashara": chini duka la dawa, saluni, fundi cherehani, juu watu waishi. Mbele ya maduka acha baraza pana lenye kivuli na bomba la maji, mama lishe apike hapo kihalali, vinginevyo atahamia kwenye hifadhi ya barabara na mgambo watamfukuza kila wiki. Nyuma ya barabara kuu weka viwanja vidogo, na uruhusu nyumba za vyumba vya kupanga. Anayeanza maisha mjini anatafuta chumba na sebule. Mji wenye viwanja vikubwa pekee haumpokei. Mradi wa viwanja 20,000 ulioanza 2002 ulipima maeneo mengi vizuri, Kibada na Gezaulole yakiwemo, lakini viwanja vingi vilikaa miaka bila kujengwa.

Shule na zahanati ziwe umbali ambao mtoto wa darasa la kwanza anaweza kutembea bila kuvuka barabara kuu.

Gawa kazi kwa awamu, na awamu ya kwanza iwe ndogo kiasi cha kukamilika: maji, umeme, mitaro, barabara ya lami. Kabla familia ya kwanza haijahamia, kaa na LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini, mkubaliane njia za daladala, kituo cha mwisho na gari la mwisho la usiku.